Uzi: Vijana wa vyuo wanavyopimwa kabla ya drafti ya NFL, na kwa nini timu zinachemsha kila mwaka

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Drafti ya NFL, yaani zoezi la timu za ligi ya mpira wa Kimarekani kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu, huanza Alhamisi usiku kwa saa za Marekani, mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo sisi wa huku tunaikuta saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Na kila mwaka maswali ni yale yale. Fulani kakimbia kama mshale, mbona timu zimempita? Fulani alisifiwa miezi mitatu mfululizo, mbona leo anakula benchi? Nashusha uzi mmoja wenye nyama ili mwakani tubishanie mambo mapya.

Kwa wageni wa mchezo huu, haraka haraka: timu ni 32, raundi ni saba, na wanaochaguliwa siku hizi wanafika 257 hivi. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inachagua ya kwanza. Hakuna kumnunua kijana kwa hela kutoka chuoni, unachoweza ni kubadilishana zamu na timu nyingine. Kijana naye lazima awe na miaka mitatu tangu amalize sekondari. Drafti ya kwanza kabisa ilikuwa 1936, Philadelphia Eagles wakaanza na Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Bwana huyo hakucheza hata mechi moja ya NFL. Kwa hiyo zamu ya kwanza katika historia ya drafti ilikwenda na maji.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wa kunipiga mawe ajipange. Timu hazichemshi kwa sababu maskauti, wale watafuta vipaji wa timu, hawajui mpira, wanaujua kuliko sisi sote humu. Zinachemsha kwa sababu zinayapa uzito mkubwa mambo yanayopimika kirahisi, halafu zinajisahau zenyewe. Nusu ya jibu la "huyu kijana atafika?" ni timu itakayompokea.

Kazi ya skauti inaanza zaidi ya mwaka kabla ya ule usiku wa runinga. Anazunguka vyuoni, anaangalia mazoezi, anaongea na makocha, na watu wa tiba, na hata wanaosimamia masomo ya wachezaji. Usiku anarudi hotelini kuangalia video. Na siyo ile video tunayoiona sisi, inayofuata mpira tu. Kuna ile inayopigwa kutoka juu ikionyesha wachezaji wote 22. Bila hiyo huwezi kujua kama mpokeaji alimwacha beki wake au hakuonekana tu na kwotabeki, yule mrusha pasi. Januari wanakwenda Mobile, Alabama, kwenye Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wanaomaliza chuo. Mechi yenyewe ya Senior Bowl naiona ya kawaida, utamu uko kwenye mazoezi ya wiki ile, watu wanapowekwa mmoja kwa mmoja. Hapo kijana wa chuo kidogo anakutana na kijana wa Alabama au Georgia, na hakuna pa kujificha.

Halafu ndiyo inakuja Kombaini, yaani vipimo vya pamoja mbele ya timu zote, Indianapolis, kati ya Februari mwishoni na Machi mwanzoni. Wanaalikwa zaidi ya 300. Watu wengi wanajua mbio za yadi 40 tu, yaani mita 36 na ushee. Zipo pia kuruka juu, kuruka mbele, kukimbia kwa kugeuka, na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi uwezavyo. Wanapima hadi upana wa kiganja. Ila sababu kubwa ya Kombaini kuanzishwa ilikuwa madaktari: badala ya kijana kupimwa goti hilo hilo na timu kibao katika miji tofauti, wote wanamkuta sehemu moja. Mpaka leo ripoti ya daktari inaweza kumshusha mtu raundi nzima, na sisi tusijue kwa nini. Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti na mshipa wa fahamu kwenye mechi yake ya mwisho ya chuo, Januari 1, 2016. Alikuwa mtu wa zamu za juu kabisa, akaangukia ya 34, Dallas wakamchukua wakijua msimu wa kwanza hatacheza.

Sasa mbio. Rekodi ni ya Xavier Worthy, sekunde 4.21, mwaka 2024. Kabla yake ilikuwa 4.22 ya John Ross mwaka 2017. Ross alichukuliwa wa tisa na Cincinnati, na kiwango chake cha uchezaji hakikuwahi kufika hata karibu na kasi ya miguu yake. Kombaini ni kama kugonga tikiti maji sokoni: mlio mbaya unakuonya, mlio mzuri haukuhakikishii wekundu wa ndani. Na hata hizo mbio zinasomwa vibaya. Jitu la kilo 140 linalomkinga kwotabeki litakimbia yadi 40 moja kwa moja mara ngapi kwa msimu? Kwa watu hao maskauti wanaangalia zaidi yadi 10 za mwanzo, maana mlipuko wa hatua mbili tatu ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1995. Mike Mamula wa Boston College alijifua kwa ajili ya yale majaribio ya Kombaini yenyewe, jambo ambalo wakati ule wengi hawakulifanya kwa makini hivyo. Akafika Indianapolis akawashangaza. Eagles wakapanda hadi zamu ya saba kumchukua, wakiwapa Tampa Bay zamu ya 12 pamoja na nyongeza za raundi ya pili. Mamula hakuwa mbovu, tusimwonee. Alicheza miaka kadhaa, akawa mchezaji wa kawaida. Tatizo ni kilichotokea upande wa pili: Tampa kwa zamu ya 12 wakamchukua Warren Sapp, halafu kwa mzigo ule wa nyongeza wakapanda kumchukua Derrick Brooks kwenye zamu ya 28. Wote wawili leo wako kwenye Ukumbi wa Magwiji.

Nitaendelea na makwotabeki, maana huko ndiko kwenye msiba.

#2

Nimekaa mkao wa kula. Shusha mkuu.

#3 (mwanzisha uzi)

Haya, 2018. Ukitaka kuielewa drafti nzima, soma mwaka huu mmoja.

Makwotabeki watano walitoka raundi ya kwanza. Baker Mayfield zamu ya 1, Cleveland. Sam Darnold ya 3, Jets. Josh Allen ya 7, Buffalo. Josh Rosen ya 10, Arizona. Lamar Jackson ya 32, Baltimore, mwisho kabisa wa raundi.

Chukua Allen kwanza. Alitoka Wyoming, chuo ambacho vigogo hawakishughulikii. Chuoni pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 56, na kwa mtu wa zamu za juu hiyo ni aibu. Waliotazama takwimu tu walimkataa kabisa, na walikuwa na hoja: pasi zisizofika chuoni huwa hazianzi kufika ghafla kwa wakubwa. Waliotazama mwili na mkono wake wakasema huyu ni dhahabu. Mwaka wake wa kwanza akapata asilimia 52.8, watu wa takwimu wakacheka. Mwaka 2020 akafika 69.2. Msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa ligi.

Hapo maskauti wa macho watadai ushindi. Subirini. Buffalo walimjengea mfumo unaotumia miguu yake, wakamwacha na mratibu mmoja wa mashambulizi, Brian Daboll, miaka minne, na 2020 wakamletea Stefon Diggs kama mpokeaji. Mtu alipikwa. Mweke Allen yule yule kwa timu inayobadilisha kocha kila mwaka, sidhani kama tungekuwa tunamjadili.

Ushahidi wangu ni Rosen. Wapo waliosema huyu ndiye mwenye ufundi uliokamilika kuliko wote watano. Arizona wakamweka nyuma ya ukuta wa wakingaji uliooza, wakamfukuza kocha baada ya msimu mmoja, kocha mpya akaja na kijana wake Kyler Murray, zamu ya kwanza 2019, na Rosen akauzwa Miami. Sisemi angekuwa nyota. Nasema hatukupata jibu.

Na Darnold? Jets walimchosha, Carolina wakamchosha, San Francisco akakaa benchi akijifunza. Mwaka 2024 Minnesota wakampa Kevin O'Connell kama kocha na Justin Jefferson kama mpokeaji, akashinda mechi 14 za msimu. Mayfield naye alizungushwa timu tatu kabla ya kutulia Tampa Bay na kuchukua ubingwa wa kundi 2023 na 2024. Miguu ile ile, mkono ule ule. Ripoti ya skauti ya 2018 ingebadilika nini?

Lamar ndiye anayeniuma. Heisman ya 2016, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kijana ameshaonyesha kila kitu Louisville, na bado kulikuwa na watu wazima wenye majina wakisema abadilishwe awe mpokeaji. Alikataa, na kule Indianapolis hakukimbia mbio za yadi 40. Akashuka hadi 32. Na hata Baltimore wenyewe msiwape sifa zote: walikuwa na zamu ya 25 usiku ule ule, wakamchukua Hayden Hurst, mtu wa nafasi ya taitiendi, anayekinga na kupokea pasi pia. Wakampita Lamar kwanza ndipo wakapanda kumrudia. Leo ana tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi, 2019 na 2023.

Drafti ile ile Baltimore walimchukua Orlando Brown Jr. zamu ya 83. Huyo Kombaini yake ilikuwa kituko: sekunde 5.85 kwa yadi 40, na kile chuma alikinyanyua mara 14 tu. Video yake ya Oklahoma ilisema kitu kingine, kwamba kumzunguka lile jitu ni safari. Akawa mchezaji wa Pro Bowl, ile ya nyota wa ligi, na baadaye akavaa pete ya ubingwa na Kansas City. Zamu tatu mbele yake, ya 86, wakamchukua Mark Andrews, taitiendi mwingine, ambaye alimpita kwa mbali yule wa zamu ya 25. Timu moja, usiku tofauti, nafasi ile ile.

#4

Mkuu hapo kwenye Andrews ni zamu tatu *baada* yake siyo mbele, lakini tumekuelewa, endelea.

Mimi niko Nairobi. Swali langu ni la vijana wasio na video kabisa. NFL walikuja hapa 2023 na kambi yao ya Afrika, nikaona vijana wa raga na wa basketi wanapimwa mbio na kuruka tu. Kama Kombaini ni tikiti maji, hawa si wanagongwa tu basi?

#5 (mwanzisha uzi)

Ahsante ndugu, 86 inakuja baada ya 83, usiku ni mrefu.

Swali zuri. Hapo vipimo ndivyo vina kazi yake halali, maana huna kingine. Ezekiel Ansah wa Ghana alifika chuo cha BYU akitaka basketi na riadha, akaingia timu ya mpira 2010 bila kuwahi kuucheza. Miaka mitatu baadaye, 2013, Detroit wakamchukua wa tano nchi nzima. Alikuwa na video kidogo tu, lakini walichokiona kwenye mwili kilikuwa hakifundishiki. Jordan Mailata ni zaidi: Mwaustralia wa raga ya ligi, hajacheza mechi hata moja ya mpira huu popote, Eagles wakamchukua zamu ya 233 mwaka 2018. Leo ni nguzo ya ukuta upande wa kushoto na ana pete.

Angalia lakini bei. Mailata ilikuwa raundi ya saba, na Eagles walikuwa na kocha wa mstari, Jeff Stoutland, aliyekuwa radhi kumfundisha toka alifu. Kubahatisha kwa bei ya raundi ya saba ni akili. Kubahatisha hivyo hivyo kwa zamu ya saba ya raundi ya kwanza ndiyo Mamula.

Na nyie Wakenya mna historia yenu. Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Colts 2013, hakupita drafti. Rees Odhiambo, mzaliwa wa Kenya, alipita njia ndefu, akacheza Boise State, Seattle wakamchukua raundi ya tatu 2016.

#6

Maneno mengi. Tom Brady zamu ya 199, Brock Purdy zamu ya 262, ya mwisho kabisa, na wote wakawa makwotabeki wa kutegemewa. Maskauti ni matapeli wanaolipwa, chagueni kwa kura tupumzike.

#7 (mwanzisha uzi)

Kaka, Brady tunamtaja kila siku kwa sababu ni mmoja. Mwaka 2000 makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake, na Patriots wenyewe, timu iliyomchukua, walipitisha wachezaji kadhaa ndipo wakamkumbuka. Angekuwa kila mwaka anatokea raundi ya sita, timu zingeuza zamu za juu zote. Kwa jumla wa raundi ya kwanza wanadumu kuliko wa ya nne, na wa ya nne kuliko wa ya saba. Maskauti kama kundi wanajua.

Ila una kaukweli kamoja. Cade Massey na Richard Thaler, yule wa Nobeli ya uchumi, walichunguza jambo hili kwa kina. Walikuta kwamba ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa kwa kufuatana, uwezekano wa yule wa mbele kumzidi wa nyuma unazidi nusu kidogo tu. Yaani timu zinajua nani yuko kwenye kundi la juu, hazijui nani ni wa kwanza ndani ya kundi. Na hata hivyo zinalipa ghali mno kupanda nafasi mbili tatu. Chicago 2017 walitoa zamu za ziada kupanda kutoka ya tatu hadi ya pili kumchukua Mitchell Trubisky, mtu aliyeanza mechi 13 tu chuoni. Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa wa ligi, alikuwa bado yupo mpaka ya kumi.

Carolina 2023 ni kali zaidi. Walimpa Chicago mpokeaji wao bora D.J. Moore na zamu nne, ili wamchukue Bryce Young wa kwanza. C.J. Stroud akaenda wa pili Houston, akawa chipukizi bora wa mashambulizi. Na mojawapo ya zile zamu walizotoa ikageuka kuwa zamu ya kwanza ya 2024, kwa sababu Carolina walishinda mechi mbili tu. Kabla ya drafti zilivuja taarifa kwamba Stroud alifanya vibaya kwenye jaribio fulani la akili la kompyuta. Haya, jaribio hilo lilimsaidia nani?

#8

Naongezea kidogo, mimi niko huku Marekani. Mmesahau hela za chuo. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Zamani kijana alikimbilia drafti akiwa na miaka 21 kwa sababu ya njaa. Sasa anabaki. Bo Nix aliingia drafti ya 2024 akiwa na miaka 24 na mechi 61 alizoanza, Auburn na Oregon. Kwa hiyo skauti ana video nyingi kuliko zamani, lakini anajiuliza: huyu anawazidi wenzake kwa uwezo, au kwa sababu ni mtu mzima anacheza na watoto?

#9 (mwanzisha uzi)

Hapo dada/kaka umegusa penyewe. Umri naupa uzito mkubwa kuliko kiganja. Aliyetamba na miaka 20 dhidi ya wakubwa wake nampa alama kuliko aliyetamba na 24. Ila Nix alikwenda Denver kwa Sean Payton, kocha anayejua anataka kwotabeki wa aina gani, na mwaka wa kwanza tu wakaingia mchujo. Narudi pale pale kwenye timu inayopokea.

#10

Mimi mgeni kabisa. Nikifungua video ya kijana wa chuo, nianze kuangalia nini?

#11 (mwanzisha uzi)

Karibu. Usianze na vipande vya magoli, hivyo vimechaguliwa na mtu anayempenda. Tafuta mechi nzima, tena dhidi ya mpinzani mgumu.

Kwa kwotabeki, ruka pasi ndefu zinazopigiwa makofi. Angalia presha ikifika anafanya nini: miguu yake inatulia au inacheza ngoma? Anaachia mpira au anaangushwa nao mkononi? Tabia ya kuangushwa ovyo huwa inamfuata mtu kutoka chuo hadi kwa wakubwa, hata akipewa ukuta mzuri.

Kwa mpokeaji, usiangalie kudaka. Simamisha video mpira ukiwa bado hewani uone kuna nafasi kiasi gani kati yake na beki, na aliipataje. Puka Nacua alichukuliwa zamu ya 177 mwaka 2023 kwa sababu hana mbio za kutisha na alikuwa anaumia-umia chuoni. Mwaka wake wa kwanza Rams akadaka mara 105 kwa yadi 1,486, na hizo yadi ni rekodi ya chipukizi. Anajua kugeuka na anajua kuupokea mwili wa beki.

Kwa beki anayemkaba mpokeaji, angalia kiuno. Mpokeaji akikata ghafla, beki mzuri anageuza kiuno mara moja na kuendelea. Mbaya anachukua hatua moja ya ziada, na hiyo hatua moja kwenye ligi ni goli.

Na kwa wale mabonge wa mbele, tazama mikono inatua wapi na nani anarudi nyuma. Hawa wanaboa kuwaangalia, najua. Anza na mchezo mmoja, uurudie mara tano, kila mara ukimfuata bonge tofauti.